Huyu Mvua Haioni

Daktari wetu mpya, kijana mwenye kidevu ambacho bado hakijazoea wembe, alinionyesha kompyuta yake kwa fahari ya mtu anayeonyesha mtoto wake wa kwanza. Ukiipa umri wa mgonjwa, alisema, na uzito wake, na hesabu ya kinga yake, na siku alizoruka dawa, yenyewe inapiga hesabu na kukuambia ni nani kati yetu sisi wenye virusi ambaye hali yake itazorota karibuni, na nani yuko salama. Haisemi kwa maneno. Inatoa rangi: kijani, njano au nyekundu, kama taa za kuongozea magari kule Gaborone.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Daktari akaandika kwamba nina kikohozi.

"Nimesema nini cha kuchekesha, Rra?" akauliza kwa heshima, maana Rra kwetu ni kama kusema bwana.

"Hakuna, mwanangu. Ila kabla ya hiyo kompyuta yako, kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe hapa Shoshong."

"Nani?"

"Mimi."

Naitwa Oduetse, na kwa miaka mingi nilikuwa mnunuzi wa ng'ombe. Nilizunguka kwenye makambi ya mifugo nikinunua maksai kwa ajili ya machinjio. Wanunuzi wengine walitembea na mizani nyuma ya gari. Mimi nilitembea na macho. Ng'ombe akipita mlango wa zizi mara moja tu, namtaja uzito, na akipandishwa mizani kule machinjioni tofauti inakuwa ndogo ya kuchekesha. Kwanza nampanua mdomo nitazame meno, maana jino linasema umri, na umri unasema mengine yote. Kisha natazama mbavu, nyonga na shina la mkia, natoa hukumu. Huyu atavuka kiangazi. Huyu mvua haioni, muuze leo. Watu wakaniita Mizani, na mimi badala ya kuona haya, nikaitika.

Balaa lilianza nilipodhani kwamba jicho linalojua ng'ombe linajua na watu. Miaka ile Jumamosi zetu zote zilikuwa za kuzika. Aliyetaka kufanya harusi alihangaika kupata hata sufuria za kuazima. Nami nikiwa msibani, nikingoja nyama ya kupondwa, nilikaa na wanaume wenzangu kando ya moto nikiwapitisha waombolezaji machoni mmoja mmoja kama wanatoka zizini. "Mwoneni yule wa koti la kijivu," nanong'ona. "Nyonga zimetoka. Huyu mvua haioni." Nilipatia wawili watatu, nikajiona nabii. Niliowakosea niliwasahau. Yule wa koti la kijivu mpaka leo ananipita njiani kwa baiskeli, tena ananipigia kengele.

Basi serikali ilipoanza kumpima kila anayefika kliniki, mimi na Mama Tshenolo tulipimwa siku moja, tukapata jibu moja. Mama Tshenolo ni mwanamke niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja kwa miaka kumi na moja, tukiwa na binti yetu huyo Tshenolo, bila kupeleka kwao hata mkia wa ng'ombe. Kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwaka huu ukame, mwaka huu bei mbaya, mwaka huu mjomba wangu anaumwa mgongo na mjomba ndiye msemaji. Kwetu hilo si ajabu, wanaume wengi huishi kinyumba mpaka wakaota mvi. Lakini ng'ombe wa mahari wasipofika, mwanamke si mke, mtoto ni wa wajomba zake, na mmoja akifa mwenzake hana hata mkeka wa kukalia msibani.

Pale kliniki walitutoa damu nyingine ya kuhesabia askari wa mwili. Siku hizo dawa hakupewa kila mtu; alipewa yule ambaye askari wake wamepungua chini ya mia mbili, na wengine waliambiwa wasubiri. Majibu yangechukua wiki kadhaa kufika.

Mimi sikuwa na haja ya kuyangoja. Nilifika nyumbani nikafunga mlango wa chumba, nikavua shati mbele ya kioo cha kabati, nikajipitisha zizini. Mbavu, zinahesabika. Mabega, yamechongoka. Shingo, ya maksai aliyelima siku nzima akasahauliwa kupewa maji. Kwa muda upande mmoja wa uso ulikuwa unaniuma, chakula hakipiti, na nilikuwa nimekonda mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Nikajitazama usoni jinsi ninavyomtazama mwenye ng'ombe ninapompa habari mbaya. Oduetse, nikajiambia, wewe mvua huioni.

Toka siku hiyo nikaanza kufa, na kusema kweli nilikufa vizuri sana. Nilihamia kwenye kochi la sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia lazima anikute. Nikaanza kuongea kwa sauti ya chini ili watu wainame kunisikia. Nilimpa jirani kofia yangu nzuri ya kuendea mnadani, akaipokea kwa machozi. Nilimwita Tshenolo nikamwusia asome kwa bidii, amheshimu mama yake, asiolewe na mnunuzi wa ng'ombe. Mtoto alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sasa anaweza kuwasha televisheni. Chakula changu kilikuwa uji wa mtama na maziwa ya mgando, kwa sababu nyama ilinishinda kutafuna. Nikalichukulia hilo kuwa ndiyo alama yenyewe: ng'ombe akikataa nyasi, kwisha habari yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka mahari. Nikiondoka hivi hivi, ndugu zangu watakuja na pikapu wachukue ng'ombe, makochi, hata mlango. Kwa desturi ningewatuma wajomba zangu alfajiri wakae chini kwenye ua wa kina Mama Tshenolo, waombe kwa maneno ya kuzunguka. Nikaona mtu anayekufa hana muda wa kuzunguka. Mzee Ketlogetswe, mjomba wake Mama Tshenolo, alipokuja kunijulia hali nikamalizana naye pale pale kwenye kochi.

"Mzee," nikamwambia kwa ile sauti yangu ya chini, "nina maksai wanane kambini. Wamenona, mgongoni unaweka kikombe cha chai na hakimwagiki. Wachukue. Nataka nife nikiwa mume wa mtu."

Mzee akameza mate. "Wote wanane maksai?"

"Wote."

"Na wewe unaondoka lini?" Akajirekebisha haraka. "Yaani, haraka yako ni ya kiasi gani, mwanangu?"

"Kabla ya mvua."

"Basi Jumatatu nitakuja na vijana tuwaswage," akasema, akanipapasa bega kwa upole mwingi, kama mtu anayempapasa maksai wa tisa.

Hatukujua kwamba Mama Tshenolo yuko mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, anayeuza maandazi mbele ya shule, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Mkononi alishika mwiko.

"Mjomba, hakuna kuswaga," akasema. "Na wewe, Baba Tshenolo. Miaka kumi na moja nakupikia, sijawahi kuona hata ukwato. Leo unataka kufa ndiyo unakumbuka kuoa?"

"Nakutengenezea maisha yako, mama."

"Maisha gani? Maksai! Umekaa ukanifikiria mimi, ukaona mimi ni wa maksai! Maksai anazaa? Maksai ni wa kuchinjwa. Hiyo siyo mahari, hiyo ni mboga ya matanga yako."

"Mwanangu," Mzee Ketlogetswe akaingilia, "maksai nao wana faida zao..."

"Mjomba, kunywa chai."

Mzee akanywa chai. Mama Tshenolo akanielekezea mwiko. "Siolewi na maiti. Ukitaka kunioa, njoo ukiwa mtu mwenye nia ya kuishi. Huwezi, basi ufe kapera kama ulivyoishi."

Nilijigeuza nikatazama ukuta, kama wanavyofanya wanaokufa.

Siku ya majibu nilitaka nibebwe. Mama Tshenolo akanionyesha mlango ulipo. Kliniki ilikuwa imejaa, tukakaa kwenye benchi tukisubiri zamu, na mimi, hata nikiwa marehemu mtarajiwa, sikuweza kuacha kazi. Kwa faida ya waliokaa karibu nikaanza kutoa hukumu. Yule mama wa gauni la buluu yuko salama, tazameni shavu. Yule bwana mrefu pale dirishani, eh, huyo tumwombee. "Na huyu wangu," nikasema nikimpiga Mama Tshenolo begani, "huyu hata virusi vyenyewe vinamwogopa. Ng'ombe wa maonyesho!"

"Nyamaza," akasema. "Unatabiri kwa mdomo unaonuka. Toka mwezi uliopita nalala nimekupa mgongo."

Muuguzi aliyetuita aliitwa Sista Kelapile, mwanamke mfupi asiyependa mchezo. Chumba chake kilitengwa na foleni kwa pazia tu.

"Rra Oduetse," akasema, "askari wako ni mia sita na kidogo."

"Wamebaki mia sita tu!"

"Mia sita ni wengi, Rra. Unaweza kukaa miaka kabla ya kuhitaji dawa. Nenda nyumbani, urudi baada ya miezi mitatu tukuhesabu tena."

Nilihisi nimetukanwa. Nimeshagawa kofia, nimeshausia mtoto, halafu mtu ananiambia nenda nyumbani. "Sista," nikasema, "hebu nitazame. Hii kazi mimi naifahamu. Mbavu hizi unaziona? Mtakuwa mmechanganya damu, mmenipa ya mtu mwingine."

"Umekonda, ni kweli. Unakula nini?"

"Uji."

"Kwa nini uji?"

"Kutafuna kunaniuma."

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Akamulika kwa tochi ndogo, kisha akarudi nyuma akiziba pua. "Rra, gego lako la chini limeoza mpaka kwenye ufizi. Mtu utaachaje kukonda? Wewe unafanya kazi gani?"

"Nanunua ng'ombe."

"Na ng'ombe kwanza unawatazama nini?"

Nikafunga mdomo haraka.

"Meno!" Mama Tshenolo akajibu kwa niaba yangu. Nyuma ya pazia foleni nzima ikaangua kicheko, na sauti ya yule bwana mrefu wa dirishani ikasema, "Mizani, kumbe wa kuombewa ni wewe!" Mama Tshenolo alicheka mpaka akashika kitanda cha wagonjwa asianguke. Ikabidi nami nicheke, kwa upande ule usiouma. Tulikuwa tungali tunacheka Sista Kelapile alipofungua karatasi ya pili, na yeye hakucheka.

"Mma," akamwambia, "wako ni arobaini na wawili."

"Mia arobaini na wawili?" mimi nikauliza, kwa ujinga wa mtu aliyefurahi.

"Arobaini na wawili basi. Unaanza dawa leo hii. Usiutazame huo mwili, Mma, unene hausemi kitu. Nyumba ina rangi nzuri, lakini ndani walinzi wamekwisha. Homa yoyote ikipita inaweza kuingia."

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Kufa kwangu mimi nilikuwa nimekufurahia kidogo, nikiri tu, kulikuwa na kochi na watu wa kuinama. Kufa kwake sikuwa nimekuweka popote. Nilikuwa nimepanga mambo yote, nani atachukua nini, nani atalia wapi, na katika mipango yote hiyo yeye alikuwa ndiye anayebaki.

"Anayeanza dawa lazima awe na mwenzake wa kumkumbusha na kumwona akimeza," akasema Sista Kelapile. "Wako ni nani?"

Mama Tshenolo akanitazama kwa muda, kama mtu aliyechelewa mnadani akakuta kumebaki mbuzi mmoja. "Basi ni huyu," akasema.

Tuliporudi, pikapu ikikaribia nyumbani, akanigeukia. "Baba Tshenolo, sikiliza. Sasa habari ya mahari usiitaje kabisa."

"Kwa nini tena?"

"Nawajua wajomba zangu. Nikifa huna ulichotoa, hawatakuachia mwili unizike mpaka ng'ombe wafike. Ukipeleka ng'ombe leo, kila mtu atajua unanunua maiti mapema kabla bei haijapanda. Na mimi pia nitajua. Wewe ni mnunuzi, najua unavyohesabu."

Nilitaka kuapa kwamba sihesabu. Nilikuwa nahesabu. Toka kliniki jicho langu, bila kuulizwa na mtu, lilikuwa likimtazama upya, na lile shavu nililolisifia asubuhi sasa liliniambia mambo mengine.

Wiki za kwanza dawa zilimkamata vibaya. Alitapika, akaharisha, homa zikampanda, usingizi ukamjia na ndoto za kutisha. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, redio ikianza kusoma habari, nilisimama mbele yake na kidonge na kikombe cha maji, na yeye alimeza akinitukana. Nyama zikamwondoka mwilini. Mimi niling'olewa gego, nikarudi kula nyama, nikaanza kunenepa. Sijui kama umewahi kuona aibu kwa sababu ya tumbo lako mwenyewe. Nyumba ni ile ile, mmoja anayeyuka na mwingine anawanda, na anayewanda ndiye aliyekuwa ameshausia. Nilikwenda hata kwa jirani kuulizia kofia. Akasema cha marehemu hakirudishwi.

Kila asubuhi nilipomfunulia pazia Mama Tshenolo, jicho langu lilisema jambo lile lile. Huyu mvua haioni. Nililiambia linyamaze, halikunyamaza. Nilikuwa nimelilea mwenyewe kwa sifa. Nikawa naenda nyuma ya tangi la maji kulia. Mzee Ketlogetswe naye alianza tena kututembelea mara kwa mara, akiwajulia hali wote, wakiwemo maksai.

Siku moja Mama Tshenolo akasema, "Nipeleke kambini kwenye ng'ombe. Hapa kila anayekuja kunisalimu ananipima kwa macho. Mmekuwa wanunuzi nyote."

Nikampeleka. Nikamweka kwenye kiti cha kukunja karibu na birika la kunyweshea, blanketi magotini, na ng'ombe wakawa wanafika kunywa kundi kwa kundi. Mwisho kabisa akaja ndama jike aliyefiwa na mama yake, miguu imepinda, tumbo limevimba, masikio yameanguka. Wenzake walimsukuma, akaanguka, akakaa hapo hapo kama aliyekuwa akitafuta sababu ya kukaa.

"Na yule?" akauliza.

"Achana naye. Hana mama. Zitazame hizo nyonga, hayo masikio. Huyu mv..." Nikajiuma ulimi.

"Maliza."

"Nimemaliza."

"Huyu mvua haioni. Si ndivyo?" Akajifunga blanketi vizuri. "Basi mahari yangu itaanza na huyo."

"Mama Tshenolo, wewe si umesema nisitaje..."

"Wewe hujataja, nimetaja mimi. Siku huyo atakapozaa, ndipo uwatume wajomba zako kwetu, alfajiri, kwa adabu, wakaniombe. Siyo kabla. Na nisione maksai."

"Huyo hata akipona, ni miaka mitatu mpaka azae!"

"Nimekwambia nina haraka?"

Mwanamke mwenye askari arobaini na wawili alikuwa ameniomba miaka mitatu, na aliiomba kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nikajifanya naenda kukagua mashine ya kisima.

Ndama tulirudi naye nyumbani nyuma ya pikapu. Nikawa na wagonjwa wawili. Redio ikisoma habari, kidonge kwa mama, chupa ya maziwa kwa ndama, na ole wangu nikichanganya nani aanze. Majirani walipita kwenye ua makusudi kumwona Mizani, mtu mzima, amepiga magoti kwenye matope akimbembeleza ng'ombe anyonye. "Mzee, huyo ana kilo ngapi?" wananiuliza. Yule ndama alikula unga wa maandazi, akala ukanda mmoja wa viatu vya Tshenolo, akala na nusu ya pazia la jikoni. Siku mbili nzima alilala bila kuinua kichwa, na siku hizo hizo Mama Tshenolo naye alikuwa na homa. Nilishinda nikitembea kati ya jiko na chumba, nikiipinga hukumu yangu mwenyewe. Katika maisha yangu sijawahi kuomba kwa bidii kiasi hicho nionekane mjinga.

Mvua ya kwanza ilianguka mchana, nikiwa ndani nimelala. Nilisikia mtu anapiga kelele uani. Nikatoka mbio nikijua ndiyo yameshafika. Nikamkuta Mama Tshenolo amesimama katikati ya maji bila viatu, mwembamba ndani ya gauni lililomlowania, kamba ya ndama mkononi, ndama mwenyewe amefumba macho na ulimi uko nje.

"Mizani!" akaita kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. "Njoo uwaone wasioiona mvua!"

Nikamwambia arudi ndani atapata kichomi. Akanirushia tope.

Baada ya hapo kupona hakukuwa na hadithi. Askari wake waliongezeka polepole, akanenepa tena, akarudi kwenye maandazi yake. Ndama akawa mtamba mwenye miguu iliyopinda kidogo, na jina baya kwa kuvunja nyua za watu. Nikamrudisha kambini. Fahali alipompanda nilihesabu miezi kwa vidole kama baba mtarajiwa, na kila Jumapili nilikwenda kumtazama kiwele. Kuhusu kama atazaa salama, sikusema lolote. Watu waliniuliza kwa uchokozi, nikawaambia waulize ng'ombe.

Alizaa asubuhi, peke yake, chini ya mti wa miiba, bila msaada wangu wowote. Niliendesha pikapu mpaka nyumbani nimesahau kufunga lango la kambi, na ng'ombe wa watu watatu wakachanganyika na wangu, kesi ambayo iliisha mwaka uliofuata mbele ya chifu. Mama Tshenolo alikuwa uani anakanda unga. Akaniangalia nikishuka, akajua.

"Amezaa?"

"Amezaa. Jike."

"Miguu?"

"Imenyooka."

Akaendelea kukanda. "Na mimi je? Hilo jicho lako linasema nini juu yangu leo?"

Nikamtazama. Kwa mazoea nilimtafuta uzito, nikaukosa. Nilimwona mwanamke mwenye unga mpaka kwenye viwiko, amekunja uso kwa sababu ya jua, ananingoja nijibu.

"Halisemi kitu," nikasema. "Linakuona tu." Halafu machozi yakanitoka mbele ya wateja wake wa maandazi.

"Basi watume wajomba zako," akasema. "Na ufute kamasi, unaharibu biashara."

Wajomba walikwenda alfajiri wakakaa chini, wakaomba kwa maneno ya kuzunguka mpaka jua likawachoma. Siku ya kupeleka ng'ombe, yule wa miguu iliyopinda aliwatangulia wenzake na mtoto wake ubavuni. Mzee Ketlogetswe alisimama langoni akiwatazama wakiingia mmoja mmoja, akangoja, akachungulia nyuma yao barabarani.

"Hakuna maksai hata mmoja?" akaniuliza baadaye kwa huzuni.

"Hata mmoja, Mzee. Amri ya bibi harusi."

Sasa nirudi kwa daktari wangu wa kidevu. Siku ile, baada ya kicheko na kikohozi, alituingiza sote wawili kwenye kompyuta yake. Mama Tshenolo akatoka kijani, kijani kibichi, kama majani ya baada ya mvua. Mimi, ambaye nilianza dawa miaka mingi baada yake, nikatoka njano.

"Itakuwa imechanganya watu," nikasema.

"Hapana, Rra. Inasema umeruka dawa mara nyingi. Ukienda kambini unasahau?"

"Ng'ombe wana mambo mengi, mwanangu."

"Inashauri upate mtu wa kukusimamia."

Hakuwa na habari kwamba mtu huyo yupo, na kwamba toka siku hiyo ananifuata mpaka kambini. Redio ikianza habari za saa moja anasimama mbele yangu na kidonge na kikombe cha maji, ananingoja nimeze, kisha haamini.

"Fungua mdomo," anasema, na anamulika mpaka nyuma ya magego.